Kondoo Walihesabiwa Kwanza

Mvua za mwaka 1930 zilinyesha Kenya kupita kiasi. Mwezi wa Julai, kwenye shamba moja karibu na ziwa Naivasha, wanakondoo wakaanza kufa. Aliyezaliwa salama alikataa titi la mama yake, akalala ubavu, na haukupita muda akawa mzoga. Kondoo wenye mimba wakaanza kutupa. Kwa muda wa wiki nne shamba lile lilipoteza wanakondoo wapatao 3,500 na kondoo jike wapatao 1,200. Wachungaji waliowashika wanyama wale nao wakalala na homa, vichwa vikiwagonga na viuno vikiwauma.

Robert Daubney na J. R. Hudson, wataalamu wa mifugo wa maabara ya Kabete, walipasua mizoga wakakuta maini yamejaa madoa ya nyama iliyokufa. Wakachukua damu ya kondoo mgonjwa, wakaipitisha kwenye chujio ambalo bakteria hawapenyi, wakamdunga kondoo mzima. Naye akaugua. Basi kilichokuwa kinaua kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Kisha likafanyika jambo ambalo mfugaji yeyote angelielewa: kundi likapandishwa nyanda za juu, mbali na unyevu wa ziwa, na maambukizi yakakoma. Wakawashuku mbu. Mwaka 1931, pamoja na tabibu P. C. C. Garnham, wakautangazia ulimwengu ugonjwa mpya. Leo tunauita Homa ya Bonde la Ufa.

Mimi ni mtu wa Kabambare, mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, na Naivasha ni mbali na kwetu. Lakini mbu hawaombi viza, na swali lililozaliwa kwenye zizi lile linawahusu mama zetu na dada zetu. Homa hii ilijulikana kwa mimba. Ndiyo alama yake kubwa mpaka leo: ukiona makundi mengi yanatupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, ishuku. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 80 kabla watafiti hawajakaa na wanawake wajawazito wenye homa, wakapima damu yao wakati ule ule wanapougua, wakahesabu ni wangapi walioharibikiwa mimba. Kondoo walihesabiwa kwanza. Katika kisa cha chanjo ya homa hii, mama amekuwa akisubiri zamu yake muda wote huo.

Mbu wa msitu wa Semliki

Mwaka 1936 taasisi ya Rockefeller na serikali ya kikoloni walianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano huko Entebbe, Uganda. Wakati ule chanjo ya homa ya manjano ilikuwa inakaribia kukamilika. Max Theiler na wenzake waliitangaza mwaka uliofuata. Kazi ya Entebbe ilikuwa kujua virusi vya homa hiyo vinajificha wapi kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Wakaenda kutafuta porini, hadi Bwamba, chini ya mlima Rwenzori, ambako mto Semliki unapita mpakani na Kongo.

Njia yao ya kukamata mbu ilikuwa rahisi, nayo ilidai ujasiri. Watu wa huko, wengi wao vijana, walikaa msituni kwa zamu, mchana na usiku, wakiwa wao wenyewe ndio chambo. Mbu alipotua mguuni au mkononi, walimfunika upesi kwa kichupa kabla hajaanza kunyonya. Ndivyo walivyojua ni mbu wa aina gani anayeuma alfajiri na yupi anayesubiri magharibi, nani anakaa juu kwenye matawi na nani anabaki chini kwenye majani. Vitabu vinawataja watafiti Haddow, Gillett na Smithburn. Vijana waliotoa miguu yao hawasomeki kwa urahisi, na ni haki tuwakumbuke tunaposimulia.

Mwaka 1944, kutoka katika mbu waliokamatwa kwenye msitu wa Semliki mahali pasipo na watu wala mifugo, wataalamu wa Entebbe walipata virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kumbe ugonjwa ulioua kondoo wa wazungu Naivasha ulikuwa unaishi ndani ya mbu wa msituni, kando kabisa ya nchi yetu, bila kondoo hata mmoja. Mpaka ule ambao leo tunauvuka kwa vitambulisho, virusi havikuwahi kuutambua.

Chanjo iliyosababisha kutupa mimba

Kenneth Smithburn alichukua virusi vile vya Semliki akavidunga kwenye ubongo wa panya. Panya alipougua, alitoa virusi akampelekea panya mwingine, kisha mwingine, mara nyingi mno. Shabaha yake ilikuwa kuvizoesha virusi maisha ya ubongo wa panya mpaka visahau njia ya kwenda kwenye ini la kondoo. Watafiti wengine walivifanyia hivyo hivyo virusi vya homa ya manjano kabla yake. Mwaka 1949 alitangaza kwamba virusi vyake vilivyopungua makali vinaweza kutumika kama chanjo.

Muda si mrefu haja yake ilionekana. Katika mlipuko wa Afrika Kusini wa mwaka 1950 na 1951, inakadiriwa kondoo 100,000 walikufa na mimba 500,000 zikatupwa. Chanjo ya Smithburn ilikuwa nafuu, dozi moja ilitosha kumkinga mnyama kwa muda mrefu, na mpaka leo bado inatengenezwa na kutumika.

Ila ilikuwa na doa. Kondoo mwenye mimba aliyechanjwa aliweza kutupa mimba ile ile ambayo chanjo ilikuja kuilinda, au akazaa mtoto mwenye kilema. Virusi vilikuwa vimesahau ini la mama, lakini havikusahau kondo la nyuma wala kiumbe kilichomo tumboni. Wafugaji wakaambiwa wachanje wanyama wasio na mimba. Kwenye zizi ambalo majike hushika mimba kila mwaka, na mvua haitoi taarifa, ushauri huo ni mgumu kuufuata.

Wataalamu wakageukia virusi vilivyouawa, ambavyo haviwezi kudhuru mimba, lakini kinga yake ni fupi na inahitaji kurudiwa. Baadaye zikatafutwa njia nyingine. Nchini Marekani jeshi lilitengeneza chanjo ya virusi vilivyouawa kwa ajili ya watu wa maabara na askari, na nyingine hai iitwayo MP-12. Afrika Kusini, mwaka 2010, ilisajili chanjo ya mifugo kutokana na virusi viitwavyo Clone 13. Virusi hivyo vimekosa sehemu kubwa ya jeni ambayo kazi yake ni kuzima king'ora cha mwili. King'ora kisipozimwa, mwili unawahi kujihami. Ilionekana kuwa salama zaidi, mpaka majaribio ya baadaye yalipoonyesha kwamba dozi kubwa ikitolewa mapema katika ujauzito bado inaweza kumfikia mtoto wa kondoo tumboni.

Mimba ndiyo mtihani ambao chanjo za homa hii zimeuangukia mara kwa mara. Kwa hiyo tungetarajia kwamba swali la mama mjamzito lingekuwa la kwanza kuulizwa.

Mvua na vifo

Kwa nini ugonjwa huu hutoweka miaka mingi kisha ukarudi kama umetumwa? Jibu limo kwenye yai la mbu. Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wenye unyevu wa mabonde yanayojaa maji wakati wa masika. Maji yakikauka, mayai hubaki ardhini miaka na miaka, na mengine yamerithi virusi kutoka kwa mama yao. Mafuriko yakija, mayai yanaanguliwa kwa pamoja. Mbu hao huwauma ng'ombe na kondoo, kisha mbu wa jamii ya Culex wanaozaliana kwenye madimbwi wanaichukua kazi na kuisambaza. Binadamu huambukizwa na mbu, lakini zaidi hupata kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja au wa kumsaidia mnyama anayetupa mimba.

Mwaka 1977 homa hii ilivuka jangwa na kuingia Misri. Watu wapatao 200,000 waliambukizwa na vifo 598 vikaandikwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zikaufurikisha mji wa Garissa na kusini mwa Somalia, ukatokea mlipuko mkubwa. Desemba 2006 ikarudi Garissa, ikashuka hadi Tanzania. Kenya iliandika wagonjwa 684 na vifo 155. Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Mwaka 2016 ilionekana Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2018 ikawa Rwanda, na mwaka 2022 Rwanda tena na Burundi. Anayeijua ramani ya maziwa yetu ataona inavyotuzunguka.

Katika milipuko hiyo walihesabiwa waliotokwa damu, waliopofuka na waliorukwa na akili kwa homa ya ubongo. Mimba za wanawake karibu hazikuwa na safu kwenye daftari. Wachache waliuliza. Baada ya mlipuko wa Misri, na baadaye Msumbiji, watafiti walipima kingamwili katika damu ya wanawake na kulinganisha na historia ya mimba zao. Hawakupata uhusiano ulio wazi. Lakini kingamwili ni alama ya nyayo: inasema virusi vilipita, haisemi vilipita lini. Mwanamke aliyeugua akiwa msichana na yule aliyeugua akiwa na mimba ya miezi minne wote wanaacha nyayo zile zile. Swali lilikuwa la haki, kipimo ndicho hakikutosha.

Somo la Kasongo

Maniema si mgeni katika utafiti wa chanjo. Katika miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa na mradi wa afya ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Watu wa mradi ule walijenga vituo vya afya vilivyokaribia watu, wakaweka kumbukumbu za kila familia, na kwa kumbukumbu hizo wakathubutu kuuliza swali ambalo wengi waliona lina jibu tayari. Chanjo ya surua inazuia surua, hilo lilijulikana. Wao waliuliza: je, mtoto aliyechanjwa anaishi?

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet kwa jina la timu ya mradi wa Kasongo. Waliwafuatilia watoto kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 35. Waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini tofauti hiyo ilipungua kadiri watoto walivyokua. Walihofu kwamba mtoto dhaifu aliyeponyoka surua huenda akachukuliwa na ugonjwa mwingine. Neno hilo liliwasha mjadala ulimwenguni. Peter Aaby, aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, alizichambua upya takwimu za Kasongo na za mahali pengine, akahitimisha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto wengi kuliko wale ambao surua peke yake ingewaua.

Anayetaka kujua nani alishinda mjadala ule na aendelee kusoma. Mimi nashikilia ile namna ya kuuliza. Watu wa Kasongo hawakuridhika na ugonjwa uliozuiwa. Walimfuata mtoto mpaka walipojua mwisho wake. Timu ile ile ilichunguza pia ni akina mama gani walio katika hatari ya kukwama wakati wa kujifungua, kwa kutumia mambo ambayo muuguzi wa kijijini anaweza kuyapima: urefu wa mama, na yaliyompata katika uzazi uliotangulia. Kipimo cha mbao ukutani na daftari lililoandikwa vizuri viliingia kwenye sayansi ya dunia vikitokea katika mkoa wetu.

Wodi ya Port Sudan

Swali la namna hiyo kuhusu Homa ya Bonde la Ufa liliulizwa hatimaye Port Sudan, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Mwaka 2011 na 2012 watafiti wa Sudan, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, waliwaandikisha wanawake wajawazito 130 waliofika hospitali wakiwa na homa. Damu ilichukuliwa wakati ule ule, homa ikiwa bado mwilini. Kati yao 28 walikuwa na Homa ya Bonde la Ufa.

Kati ya hao 28, wanawake 15 waliharibikiwa mimba. Kati ya wenzao 102 waliokuwa na homa za sababu nyingine, walioharibikiwa walikuwa 12. Zaidi ya nusu upande mmoja, kama mmoja kati ya tisa upande mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, miaka 85 baada ya ripoti ya Daubney. Miaka miwili baadaye, maabara ya Marekani ikaonyesha kwamba virusi hivi huweza kuishi na kuzaliana ndani ya tishu za kondo la nyuma la binadamu.

Nikiisoma namba 15, naona kitanda. Naona mama aliyefika akitetemeka, akidhani ni malaria, akarudi nyumbani mikono mitupu na kuulizwa na wakwe amekosea nini. Kwetu mimba ikitoka hatukosi wa kumlaumu: mama alibeba mzigo mzito, amerogwa, amevunja mwiko. Maabara ya Port Sudan iliwaondolea lawama wanawake wale 15 hata kama hawakuwahi kuambiwa.

Mwaka huo huo wa 2016 dunia ilikuwa imeshtushwa na ndugu wa mbali wa kisa hiki. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 na kituo kile kile cha Entebbe, katika damu ya tumbili aliyewekwa juu ya jukwaa kwenye msitu wa Zika. Kwa karibu miaka 60 vilichukuliwa kama homa ndogo. Vilipofika Brazil mwaka 2015, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Chanjo zikaanza kutengenezwa kwa kasi, na moja ya Marekani ikafika hatua ya pili ya majaribio mwaka 2017. Kisha wagonjwa wakapungua, na pasipo wagonjwa chanjo haiwezi kuthibitishwa kwamba inakinga. Mpaka leo hakuna chanjo ya Zika iliyoidhinishwa. Utafiti unaoanza kwa hofu huzimika hofu ikizimika.

Kutoka Kilifi

Wakati Zika ikiitisha dunia, Mkenya George Warimwe, wa kituo cha utafiti cha Kilifi kwenye pwani ya Kenya, alikuwa ameanza na wenzake wa Oxford njia nyingine ya kutengeneza chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa. Walichukua virusi vya mafua vya sokwe vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, wakavipachika kipande kidogo cha jeni ya virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Mwili unakiona kipande kile, unajifunza adui anafananaje, na adui mwenyewe hayumo. Jukwaa hilo hilo ndilo lililotumika baadaye kwa chanjo ya korona ya AstraZeneca.

Mwaka 2016 walitangaza kwamba dozi moja iliwakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe. Mwaka 2019 wakatangaza matokeo ya kondoo na mbuzi wenye mimba, na chanjo ikaonekana salama kwao na kwa watoto wao. Mtihani ulioiangusha chanjo ya Smithburn, safari hii ulipewa nafasi mapema. Kisha watu 15 wa kujitolea wakachanjwa Uingereza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023, hayakuonyesha madhara makubwa, na miili yao ilitengeneza kinga. Majaribio yakahamia Afrika Mashariki, nyumbani kwa ugonjwa. Warimwe anatetea wazo kwamba chanjo moja inaweza kutengenezwa kwa ajili ya mfugaji na mfugo wake, maana wanaumwa na mbu wale wale.

Katika majaribio hayo ya mwanzo, kama ilivyo kawaida, wajawazito hawamo. Sababu ninaielewa na ninaiheshimu: hakuna anayetaka kumjaribia mama kitu ambacho bado hakijulikani. Lakini mlango ukifungwa kwa mama mwanzoni, ni lazima pawe na mtu aliyepewa kazi ya kuufungua. Sisi wa mashariki tuliyaona hayo kwenye ebola ya Kivu na Ituri. Chanjo ilipoanza kutolewa mwaka 2018 wajawazito walizuiwa, ingawa ebola inaua mimba karibu bila kubakiza. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo utaratibu ulipobadilishwa na waliopita miezi mitatu ya mwanzo wakaruhusiwa. Kwa upande mwingine, homa ya manjano ilipoitisha Kinshasa mwaka 2016 na chanjo ikawa haba, watu wengi walipewa sehemu moja ya tano ya dozi, ila wajawazito na watoto wadogo walipewa dozi kamili. Hapo mama alifikiriwa kabla sindano hazijaanza. Inawezekana, basi.

Kwenye daftari la kituo cha afya kijijini kwetu kuna safu ya jina, ya umri, ya kijiji, ya kipimo cha malaria na ya dawa iliyotolewa. Mama mwenye homa akipimwa malaria na isionekane, mara nyingi anaandikiwa dawa za homa anarudi nyumbani. Akiharibikiwa mimba wiki ya pili, habari hiyo inaandikwa ukurasa mwingine, au haiandikwi kabisa, na hakuna anayeunganisha kurasa mbili hizo. Kuziunganisha hakudai maabara ya Oxford. Mstari mmoja unatosha, unaosema: mama huyu alikuwa na homa tarehe fulani, mimba yake ikaishia hivi, na mwingine unaosema kama mbuzi wa kijiji chake walitupa mimba mwezi huo. Wauguzi wa Kasongo waliweza kuandika mistari ya namna hiyo miaka 50 iliyopita, kwa kalamu na karatasi. Chanjo itakapofika Maniema, mistari hiyo ndiyo itakayotuambia nani wa kuchanjwa kwanza.